Mwalimu Caleb Rading' Hakujiuzulu

Wasifu wa Mwalimu Caleb Rading' Obiero (1956–2026), unaosomwa na mwanawe Cliff nyumbani kwa marehemu, Kanyamwa, Ndhiwa, Jumamosi tarehe 7 Februari 2026.

Kabla ya kuzaliwa kwake na shule zake, liwekwe wazi jambo moja, kwa sababu limesemwa sokoni Ndhiwa, limesemwa Uriri, na juzi limesemwa hapa hapa bomani, penye tangi la maji, na watu waliokuja kula chakula cha msiba. Mwalimu Caleb hakujiuzulu katika Klabu ya Huduma ya Mto Kuja. Alisimamishwa. Tarehe ipo, idadi ya kura ipo, na sababu iliyoandikwa ipo. Zitatajwa zikifika mahali pake. Msichana aitwaye Nyangi si mtoto wake wa nje, wala hakuwa lolote lile jingine ambalo ndimi zimemfanya. Na kilichomuua Mwalimu ni figo. Si chira, si laana ya mtu aliyevunja miiko ya wazee.

Aliyeandika wasifu huu ni mjane wake, Helen. Cliff ameombwa asome kila mstari, asiruke hata mmoja, hata kama mtu atakohoa.

Mwalimu Caleb alizaliwa tarehe 11 Machi 1956 hapa Kanyamwa, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Obiero Nyagowa na marehemu Mama Peresia. Baba yake alilima mtama na kutengeneza plau za majirani. Mama yake alifinyanga vyungu na kuvipeleka soko la Ndhiwa kichwani, na hakuwahi, kwa maelezo yake mwenyewe, kuangusha hata kimoja. Katika nyumba hiyo kitu kilichovunjika kilitengenezwa, na kilichobebwa kilifikishwa. Aliyemjua Caleb atajua alikotoa tabia zake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, umbali wa kilomita nne kwa miguu. Alipokuwa darasa la sita, mwalimu mkuu alitaka wanafunzi wachague kiranja kwa kupanga mistari nyuma ya wagombea wawili. Caleb alikuwa mmoja wa hao wawili. Mistari ilipokwisha kupangwa, mwalimu mkuu aliona mstari mmoja hauna mtu mbele. Caleb alikuwa amehama, amekwenda kusimama nyuma ya mpinzani wake, kwa sababu alimwona anafaa zaidi. Alishindwa kwa kura moja, na kura hiyo ilikuwa yake. Jioni mama yake alipopata habari alishika kiuno. "Nyathina, mtoto wangu, hata kuku hupigania punje iliyo mbele yake!" Caleb akamjibu, "Mama, punje ilikuwa yake." Mama Peresia alikisimulia kisa hicho hadi uzeeni, kila mara akianza kwa kulalamika na kumaliza kwa kujivuna.

Aliendelea na masomo ya sekondari Homa Bay, kisha akaingia chuo cha ualimu Asumbi mwaka 1976. Alihitimu mwaka 1978 na kupelekwa Uriri, ambako alifundisha Kiswahili na Jiografia kwa miaka thelathini na minane katika shule tatu, mbili kati yake akiwa mwalimu mkuu. Watu wa Uriri walimwita Japuonj, mwalimu, kana kwamba hakukuwa na mwingine. Alistaafu tarehe 11 Machi 2016, siku aliyotimiza miaka sitini. Huko ndiko kustaafu pekee alikowahi kukufanya maishani mwake.

Alikutana na Helen Adoyo katika mafunzo ya walimu mjini Homa Bay, Aprili 1983. Helen alikuwa mwenyekiti wa kundi lao, na Caleb alikuwa na ubaya wa kuzungumza bila kuinua mkono. Mara ya tatu, mwenyekiti alimwadhibu: abaki afagie darasa. Alifagia polepole sana, na mwenyekiti alilazimika kumngoja ili afunge mlango.

"Mwenyekiti," akamwambia, "pale pembeni pana vumbi. Niruhusu nirudie."

"Umerudia mara mbili."

"Ndiyo, lakini vumbi la Homa Bay ni sugu."

Walifunga ndoa kanisani tarehe 15 Desemba 1984. Tangu siku ile ya ufagio hadi mwisho, alipokuwa na jambo la maana la kumwambia mkewe hakumwita Helen wala Mama Dorine. Alimwita Mwenyekiti. Mungu aliwajalia watoto watatu: Dorine, Cliff, na Caren, kitinda mimba, aliyezaliwa mwaka 2002 wazazi wake walipokuwa wamekwisha kugawa nguo zote za watoto wachanga.

Mwaka 2009, yeye na wenzake kumi na sita walianzisha Klabu ya Huduma ya Mto Kuja, katika ghala nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Suleman, mjini Migori. Walitoka pande zote mbili, Migori na Homa Bay: walimu, wauguzi, wafanyabiashara, Wajaluo, Wakuria, Waislamu na Wakristo. Walijenga matangi ya maji ya mvua shuleni, walipima watu macho, walipanda miti ukingoni mwa mto. Lakini kazi iliyokuwa moyoni mwa Mwalimu ilikuwa kambi ya uongozi wa vijana, iliyofanyika kila Agosti kisiwani Takawiri kuanzia mwaka 2011. Vijana arobaini kwa siku sita walifundishwa kuendesha mkutano, kusema mbele ya watu, kusikiliza anayewapinga, na kuandika walichokubaliana. Waliofanya vizuri klabu iliwapendekeza kwa mafunzo ya mwaka mzima Nairobi. Kutoka kambi hiyo wametoka wauguzi, madiwani wawili, na mwalimu mkuu mmoja aliyeketi hapa leo.

Siku ya mwisho ya kambi iliitwa Siku ya Kiti. Ni lazima ielezwe, maana yote yaliyofuata yalitoka humo. Asubuhi vijana walimchagua mmoja wao kwa mistari. Mwalimu, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu, alivua mkufu wake, akamvika kijana huyo, akamkabidhi kengele. Wazee walikwenda kuketi nyuma, mikekani, na kunyamaza hadi kengele irudishwe saa kumi jioni. Mzee aliweza kupinga azimio la vijana, lakini kwa sharti: asimame, aseme hoja yake, kisha aoshe vyombo vya kambi nzima, sahani sitini na kitu na masufuria yote ya ugali na samaki. Sharti hilo lilitungwa na Mwalimu. Alisema neno la mzee ni zito mno, ni vizuri liwe na gharama kidogo, ili mzee afikiri kabla ya kulitoa. Mwaka 2017 naibu wake, Bwana Stanley Odek, alisimama kupinga ratiba ya michezo, akaosha vyombo vyote hadi jua likazama. Vijana walimwimbia. Hakufurahi.

Katiba ya klabu, kifungu cha kumi na nne, inasema hivi: azimio la Siku ya Kiti ambalo halikupingwa kabla ya kengele kurudi ni azimio la klabu. Mwalimu ndiye aliyekiandika kifungu hicho mwaka 2011. Siku kilipopitishwa kulikuwa na wageni wa klabu ndugu kutoka Kisumu, na wanachama walikipitisha kwa makofi makubwa, kisha wakaenda kula. Inaelekea wengi waliyakumbuka makofi na kukisahau kifungu.

Jumamosi tarehe 17 Agosti 2024, vijana walimchagua Nyangi Ryoba. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, binti wa Mkuria kutoka upande wa Isebania, muuza chai mjini Migori mbele ya duka la Bwana Suleman. Kaka zake wawili walichimba dhahabu Masara. Bwana Suleman ndiye aliyempendekeza kwenda kambini. Mwalimu alimwona kwa mara ya kwanza Jumatatu ya wiki hiyo, kwenye mashua, mbele ya watu thelathini. Wanaotaka kuhesabu siku, wahesabu. Ni tano.

Nyangi alipiga kengele na kusema, "Wazee wetu, mimi nimefika hapa kwa sababu nauza chai mbele ya duka la Mzee Suleman. Ningekuwa nauza chai mbele ya duka lingine, saa hii ningekuwa nauza chai. Kati yetu arobaini, ishirini na sita ni watoto, wapwa au wajukuu wa wanachama. Tumehesabiana jana. Sisemi ni wabaya. Nasema hakuna aliyewachagua."

Azimio lilikuwa fupi. Kuanzia kambi ya 2025, jamaa ya mwanachama asiteuliwe na mwanachama. Vijana wa kila wadi wachague wenyewe watakaokwenda kambini, kwa mistari. Vijana wa machimbo ya Masara watengewe nafasi kumi. Wanaokubali walisimama upande wa ziwa, wanaopinga upande wa jiko. Thelathini na wanane walikwenda upande wa ziwa. Wawili walikwenda jikoni, na mmoja wao alipoulizwa sababu alisema alidhani chakula kimeiva.

"Kuna mzee anayepinga?" Nyangi akauliza. "Asimame sasa. Sabuni ipo."

Watu walicheka. Bwana Stanley aliinuka nusu. Alilitazama sufuria kubwa la samaki, akawatazama wageni wa Kisumu, waliokuja mwaka huo pia, wakiwa wameshika simu wapige picha, akalitazama shati lake jeupe, akaketi. Saa kumi kengele ilirudi. Nyangi aliweka sahihi, na Bwana Suleman, katibu, aliweka sahihi.

Mwalimu naye alinyamaza siku hiyo. Jina la Caren, binti yake, lilikuwa limekwisha kuandikwa la kwanza katika orodha ya kambi ya 2025, na safari yake ya Nairobi baada ya hapo ilikuwa ikizungumzwa hapa nyumbani kama jambo lililokwisha. Baba yake aliliona azimio likilifuta jina hilo mbele ya macho yake, na hakusimama.

Katika mkutano wa klabu tarehe 31 Agosti 2024, kumbukumbu za Siku ya Kiti zilipaswa kuthibitishwa kwa sahihi ya mwenyekiti. Bwana Stanley alileta karatasi nyingine, iliyopigwa chapa vizuri. Yaliyosemwa yamehifadhiwa na watu wanne waliokuwemo, na wote wanne wamekubali yachapishwe.

"Mwenyekiti, hii ni kuweka lugha sawa tu."

"Lugha gani? Ile ya kwanza inasema vijana waliazimia. Hii yako inasema walifanya zoezi la kuigiza mkutano."

"Omera, ndugu yangu, wale ni watoto."

"Nyangi ana miaka ishirini na mitatu. Wewe ulioa ukiwa na ishirini na mmoja, na mimi nilikuwa hapo nikila pilau."

"Tungejua ni mambo ya kweli, tungepinga."

"Nafasi ulipewa, Stanley. Neno lako lilikuwa na gharama ya sahani sitini. Hukutaka kuziosha."

Hakuna aliyecheka. Bwana Stanley alisema klabu haiwezi kuendeshwa na muuza chai. Mwalimu akasema, "Ukimpa kijana kiti cha kuchezea, umemfundisha kucheza. Tusishangae baadaye akija kutuongoza kwa mchezo." Alipewa mwezi mmoja afikiri.

Mwezi ule haukuwa mwepesi. Simu zililia tangu alfajiri. Marafiki wa miaka arobaini walikuja mmoja mmoja, wakanywa chai, wakasema kwa upole kwamba jina la mtu hujengwa kwa maisha na kubomolewa kwa siku moja. Ndipo uvumi ulipoanza, kwanza wa machimbo ya Masara, eti amewekwa mfukoni na wachimbaji, kisha wa Nyangi. Imesemwa pia kwamba ni mkewe aliyemchochea asiweke sahihi, kwa kiburi cha kisomo. Hilo nalo si kweli, na ukweli wake haumpendezi mjane, lakini utasomwa. Helen alimtaka aweke sahihi. Alimwambia jikoni, akiwa amesimama, "Baba Dorine, ni karatasi tu. Fikiria mtoto wako. Fikiria jina la nyumba hii."

Mwalimu akamjibu, "Mwenyekiti, uliwahi kunipa ufagio kwa kuzungumza bila kuinua mkono. Hawa waliinua. Sasa unataka niwafanyie nini?"

Helen hakusema naye kwa siku nne. Siku ya tano alimpigia pasi shati la mkutano.

Mkutano maalumu ulifanyika Jumamosi tarehe 5 Oktoba 2024, katika lile lile ghala ambamo klabu ilizaliwa. Mwalimu aliulizwa mara tatu kama ataweka sahihi kwenye karatasi mpya. Mara zote tatu alijibu, "Nitaweka kwenye ile iliyoandikwa siku ile." Kura zilipigwa kwa vikaratasi vilivyokunjwa. Kumi na mmoja walitaka asimamishwe uanachama, watano walikataa. Sababu iliyoandikwa ni utovu wa nidhamu. Alivua mkufu, akauweka mezani, akaukunjua usijisokote. Kisha akainua mkono kuomba kusema. Aliyekalia kiti wakati huo alimwambia kwamba asiye mwanachama hana ruhusa ya kusema. Mwalimu alishusha mkono, akachukua kofia yake, akatoka.

Hakubeba kitabu cha kumbukumbu, kinyume cha uvumi. Bwana Suleman ameruhusu maneno yake yaandikwe hapa: "Karatasi ya kwanza iko dukani kwangu, ndani ya sefu, pamoja na hati yangu ya ndoa na Tima. Zote mbili sizibadilishi."

Wiki mbili baadaye klabu ilituma ujumbe kwa marafiki wake kwamba Mwalimu Rading' amejiuzulu kwa sababu za kiafya. Alipoonyeshwa alivaa miwani, akausoma wote, akasema, "Kiswahili chake kizuri." Mkewe alitaka ajibu gazetini. Alikataa. Alisema anayetaka kujua atauliza, na asiyetaka kujua hata ukimwandikia ukutani atageuza shingo. Huo ndio ukimya ambao watu wameuita kukubali kosa.

Kambi ya klabu haikufanyika mwaka 2025. Lakini Julai mwaka huo, bila kuombwa na mtu, vijana wa wadi kumi na moja walijipanga mistari katika viwanja vya soko na vya shule, wakachagua arobaini. Kumi walitoka Masara, mikono yao ikiwa bado na weupe wa vumbi la mawe. Kwa kuwa Mwalimu hakuweza tena kuvuka maji na kukaa mbali na hospitali, walifanyia kambi yao Uriri, katika shule aliyokuwa mwalimu mkuu. Aliketi nyuma, mkekani, siku zote alizoweza kufika. Siku moja mjadala ulimkera akasimama kupinga, kisha akaosha sahani, akikataa kusaidiwa, mpaka muuguzi wake alipoingilia kati.

Caren alisimama katika mstari wa wadi ya hapa, kama kijana mwingine yeyote. Alishindwa kwa kura tatu. Aliporudi nyumbani macho yamevimba, baba yake alimsogezea kiti. "Karibu chamani, binti yangu. Sisi tulioshindwa kwa mistari tuko wengi, na tunakula vizuri." Caren alikwenda Uriri hata hivyo, akapika ugali wa kambi kwa siku sita. Ndiye aliyemwambia mama yake, akiwa anachagua dagaa wa omena, "Mama, ningeenda kwa jina la Baba, ningejua kila siku kwamba niko kwa jina la Baba." Tangu siku hiyo Helen hakuhitaji tena kuelezwa.

Kuhusu ugonjwa. Mwalimu aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2013, na mwaka 2021 daktari alimwambia figo zake zimeanza kuchoka. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya Siku ya Kiti inayosemwa kwamba ilimletea chira. Figo hazisomi kumbukumbu za mikutano. Kuanzia Machi 2025 alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, hospitalini Homa Bay. Alikwenda na daftari, akiwasahihishia vijana hotuba zao akiwa ameunganishwa kwenye mashine. Wagonjwa wenzake walimpa kazi ya kuhakikisha kila mtu anaingia kwa zamu yake, na familia inawashukuru wauguzi walioikubali serikali hiyo ndogo.

Alizidiwa tarehe 25 Januari 2026. Alifariki Alhamisi tarehe 29 Januari 2026, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Helen na Cliff walikuwa kando yake. Muda mfupi kabla ya hapo aliinua mkono wake wa kulia kutoka kitandani na kuushikilia juu. Muuguzi alidhani anataka maji. Mkewe alijua anachotaka, akamwambia, "Sema, Mwalimu. Una ruhusa." Akasema. Aliyoyasema ni ya mkewe.

Limebaki moja la wiki hii. Jumanne tarehe 3 Februari, ujumbe wa watu watatu kutoka klabuni ulifika hapa kutoa pole, ukiongozwa na Bwana Stanley. Walipokewa, wakapewa viti na chakula. Kisha wakatoa karatasi yenye mstari mmoja, wakaomba uingizwe katika wasifu: "Mwaka 2024 alistaafu klabuni kwa hiari yake kutokana na afya." Kama ungeingia, klabu ingelifunika jeneza kwa bendera yake, wanachama wangejipanga kwa sare kutoka lango hadi kaburini, na mkufu ungewekwa juu ya kifua chake.

"Mama, ni mstari mmoja," Bwana Stanley alisema. "Tunataka kumpa heshima zake."

"Heshima zake ziko dukani kwa Suleman, zina sahihi mbili. Hizi mlizobeba ni za nani?"

Shemeji wa Helen, ndugu wa marehemu, alijaribu kulainisha. "Helen, wewe umesoma. Marehemu hana kesi."

"Ndiyo, shemeji. Kwa hiyo asipewe hukumu."

Waliomba pia, kwa faida ya jina la familia, kwamba Nyangi asiwepo leo, au akiwepo akae nyuma asionekane. Walipoondoka, Helen alimpigia Nyangi simu mwenyewe. Nyangi alisema, "Mama, nitakaa kule nyuma kwa wapishi, nisikuletee maneno." Helen akamwambia, "Njoo mbele. Mtu akikaa nyuma husemwa kwamba amefichwa." Yuko mbele, kando ya Caren, amevaa leso ya buluu. Wanaotaka kumtazama, wamtazame sasa, wamalize.

Bwana Stanley pia yuko, safu ya pili. Alikuwa rafiki wa marehemu kwa miaka mingi, na marehemu hakuacha kumwita hivyo. Familia inamkaribisha. Jeneza halina bendera. Lina shuka aliyofuma Dorine. Litabebwa na Cliff, na vijana watano waliochaguliwa jana jioni na wenzao, kwa mistari, penye lango la boma hili.

Mwalimu Caleb ameacha mjane, Helen Adoyo, watoto Dorine, Cliff na Caren, wajukuu wanne, kaka mmoja na dada wawili, wanafunzi ambao hesabu yao aliijua yeye peke yake, na azimio moja la tarehe 17 Agosti 2024, ambalo halijafutwa, kwa kuwa aliyetakiwa kulifuta alikataa, na sasa hawezi tena kuombwa.

Alifika na kila alichokibeba. Udongo wa Kanyamwa umpokee taratibu, na walio juu yake wamwache alale.

Wanaotaka kujua zaidi waende dukani kwa Bwana Suleman wakasome. Mjane hatajibu swali leo, wala siku ya matanga, wala baadaye. Amemaliza.